Mashine ya Erastus na Kikohozi cha Mama Mkwe

Erastus Shitandi ni mtu wa haya, na haya yake haina likizo. Akipeleka mikate dukani akakuta watu wawili wanazungumza, atasimama mlangoni na kreti begani mpaka wamalize umbea wao. Akilaumiwa kwa kosa lisilo lake, huomba msamaha kwanza, halafu ndipo anauliza kumetokea nini. Mkewe Nasambu humwambia, "Baba Mitchel, wewe siku ya kuzikwa utaamka uwaombe radhi waliobeba jeneza." Yeye hucheka kidogo na kutazama viatu vyake.

Kazi yake ni kusambaza mikate. Ana Probox nyeupe iliyokwisha kuona mengi, na kila alfajiri huipakia mjini Kakamega, kisha huenda Lubao na vituo vingine vidogo huko vijijini. Sasa mkate si makaa. Mwenye duka akiona gari limepakwa tope mpaka madirishani, hata mkate uwe umefungwa vizuri namna gani, ataupokea kwa vidole viwili. Na mvua ya kwetu mnaijua. Asubuhi jua, alasiri mvua, jioni barabara za murram ni uji mtupu.

Wale vijana wa kuosha magari kando ya barabara walikuwa wakimpitisha kila mtu mbele ya Erastus. Mwenye gari kubwa akija, Probox inasukumwa pembeni, na Erastus anabaki ameketi juu ya jiwe akijifanya anasoma simu. Angeweza kulalamika. Lakini huyu ni Erastus, si mimi.

Jumapili moja alitoka kanisani na familia yake akapita mjini kote, akashangaa kwa nini watu wanamtabasamia. Walipofika nyumbani Amalemba ndipo Nasambu alipoona. Mtu alikuwa ameandika kwa kidole, kwenye tope lililokauka juu ya kioo cha nyuma, herufi kubwa kubwa: MKATE WA TOPE. Erastus aliyafuta maneno kwa kiganja chake mwenyewe. Hakula chakula cha mchana. Aliona aibu kana kwamba maneno yale yameandikwa kwenye paji la uso wake, na Jumatatu akaanza kutafuta mashine ya kuoshea gari nyumbani.

Lakini kabla ya mashine, lazima nimlete mama.

Mama Sellah, mama yake Nasambu, ni mjane wa Matungu, mwenye shamba la miwa na mguu unaovimba. Ana presha pia. Hospitali kuu ya hapa mjini ilitaka kumwona kila wiki, na kutoka Matungu alikuwa anakosa wiki hii, anakosa na ijayo, mpaka daktari akamwambia wazi kwamba akiendelea hivyo mguu utamshinda, na moyo utafuata. Ilibidi akae karibu. Na karibu maana yake ni nyumba ya mkwewe.

Hapo ndipo kuna mlima. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wageni hudhani ni chuki. Si chuki, ni heshima, na wazee huiita tsisoni. Mama mkwe kulala kwa mkwewe ni jambo ambalo zamani halikutajwa hata kwa utani. Lakini Erastus, yule anayeogopa kukatiza umbea wa dukani, alipanda gari peke yake mpaka Matungu, akaketi mbele ya Mzee Osundwa, ndugu ya marehemu baba mkwe, na kumwomba mama aje atibiwe. Alitoka jasho shati zima. Mzee akakubali, kwa kuwa ugonjwa haungoji mila. Ila alimwekea sharti.

"Siku utamvunjia heshima," alisema, "huyu mama anarudi hapa, na hatatoka tena. Hata kama mguu unaoza."

Kwa hiyo pale Amalemba waliishi kwa utaratibu. Mlango wa jikoni ulikuwa wa mama, mlango wa mbele wa Erastus. Choo kiko nje, nyuma ya nyumba, na uwanja ni mmoja. Basi mama akitaka kutoka alikohoa mara mbili nyuma ya mlango. Erastus kama yuko uwanjani alijibu kwa kikohozi kimoja, akaondoka kwenda getini mpaka mama apite na kurudi. Siku za kliniki walitundika leso ndani ya Probox, kati ya viti vya mbele na vya nyuma, na Mitchel, msichana wao wa darasa la tatu, alibeba maneno kati ya baba yake na kukhu, yaani bibi yake. "Kukhu anauliza kama tumefika." "Mwambie kukhu bado kidogo." Miezi ilipita hivyo, uvimbe ukaanza kupungua, na Erastus alijivunia jambo hilo kimoyomoyo kuliko kitu kingine chochote maishani mwake.

Sasa mashine.

Erastus hanunui kitu bila kukichunguza. Alitazama video kwenye simu mpaka betri ikaisha. Alijifunza kwamba nguvu nyingi mno si sifa, maana gari kuukuu ukilipiga maji makali sana rangi inabanduka. Alijifunza kwamba mashine nyingine hutaka maji ya mfereji yenye kasi, na mfereji wa Amalemba hutoa maji ukijisikia, kwa hiyo yake lazima iweze kunyonya kutoka kwenye pipa. Alipima kwa hatua umbali kutoka soketi ya nje, kwenye ukuta wa jikoni, hadi mahali gari linapolala. Aliuliza fundi wa umeme kama waya za ploti zitastahimili. Tena akaenda kwa jirani, Milcah, mwenye nyumba ya pili kwenye ploti, akamwomba radhi mapema kwa kelele zitakazokuja.

"Kelele gani na bado hujanunua?" Milcah akamwuliza.

"Nasema tu, mama. Isije ikakusumbua."

Jirani, Erastus alimkumbuka. Mwenye kulala chumba cha jikoni hakumkumbuka.

Duka alilolichagua liko mjini, na muuzaji ni dada mmoja anayeitwa Jepchirchir, mwenye subira, ambaye alimwekea mashine mbili juu ya meza. Moja nyeusi, nzito, ya bei iliyomfanya Erastus arudi nyuma nusu hatua. Nyingine ya manjano, nyepesi, bei karibu nusu ya ile.

"Zote zinanyonya kwa pipa?"

"Zote."

"Nguvu?"

"Kwa gari ndogo, ziko sawa tu. Hata hii ya manjano, ona bunduki yake." Jepchirchir akashika mdomo wa ile bunduki ya maji na kuuzungusha. "Hapa yanatoka kama sindano, ya kutoa tope kwa gurudumu. Ukizungusha hivi yanapanuka. Ukizungusha mpaka mwisho ni manyunyu tu, hata mtoto hayamuumizi."

"Sasa ile nyeusi inapita hii na nini?"

"Mota. Ile ni kimya, na itakaa miaka. Hii inapiganga kelele, mzee. Sitakudanganya."

Akaichomeka ili asikie. Duka zima liligeuka. Mtu aliyekuwa akijaribu redio kwenye kona alidhani redio imekufa. Jepchirchir alisogeza midomo na Erastus hakuambulia hata neno. Alipoizima, Erastus alikuwa anatabasamu. Kwa mara ya kwanza alikuwa amegeuziwa shingo na watu bila kuona aibu.

"Kelele haichubui gari," akasema, na akalipia ya manjano.

Nasambu alipoiona alifurahi, kwa sababu mwanamke yeyote hufurahi mumewe akiacha kukaa juu ya jiwe barabarani. Aliuliza bei, akasifu, akauliza kama itaweza kuosha mazulia. Naye pia hakuwaza zaidi ya hapo. Kwa hiyo kama mnataka kumlaumu mtu, wako wawili.

Jumamosi iliyofuata Nasambu na Mitchel walikwenda sokoni na Milcah. Erastus alirudi na kreti tupu, akavua shati, akabaki na kaptula, akasogeza Probox karibu na mlango wa jikoni kwa sababu waya haukufika kwingine. Akaweka pipa. Akawasha.

Lo, alifurahi! Tope la wiki nzima liliondoka chini ya mabawa ya magurudumu likianguka vipande. Akaosha bampa, akaosha milango, akainama akaosha hata chini ambako hakuna mteja wa mkate atakayechungulia. Alikuwa akiimba, na hakujisikia anaimba.

Ndani, mama alikuwa amemeza dawa zake za asubuhi. Mojawapo ni ile ya kutoa maji mwilini, ambayo ikikuita haikuiti mara mbili. Alisimama nyuma ya mlango wa jikoni na kukohoa. Hakusikia jibu. Akakohoa tena kwa nguvu. Akachungulia kwenye ufa, akamwona mkwewe yuko pale pale njiani, mgongo wazi, akarudi nyuma haraka na kufunika macho kwa leso. Akachukua mwiko akapiga mlango. Akapiga sufuria. Mashine iliunguruma tu.

Kumwita kwa jina hakuweza, maana jina la mkwe halitoki kinywani mwa mama mkwe. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa nje, ufunguo uko mfukoni mwa shati la Erastus, na shati liko juu ya kamba. Kutumia beseni ndani ya nyumba ya mkwe? Afadhali afe. Akasimama akikohoa, mama wa watu, akashika fremu ya mlango, akakohoa mpaka koo likamkwaruza.

Mwishowe alijifunika leso kichwani na usoni, akafungua mlango na kutoka. Aliazimia kupita upesi, ukutani, kama kivuli. Lakini mguu ule hauna upesi. Alifika katikati ya saruji, mahali pakavu, akasimama. Hakuweza hatua nyingine.

Erastus aligeuka kwa sababu aliona kitu pembeni mwa jicho. Mama mkwe wake alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. Leso ilikuwa imemteleza usoni. Gauni lake la bluu lilikuwa limebadilika rangi kuanzia kiunoni kwenda chini, na kwenye saruji kavu alama ilikuwa inatambaa kutoka miguuni pake. Walitazamana. Katika miaka yote ya ndoa ile hawakuwa wametazamana hata mara moja, na siku hiyo ndiyo walitazamana.

Kisha juu ya bega la mama akaona geti linafunguka. Nasambu na kikapu. Mitchel na miwa mkononi. Milcah nyuma yao, ambaye ni jirani mwema lakini mdomo wake hauna kufuli.

Erastus hakufikiri. Kama angefikiri, haya ingemshika miguu, na angekimbilia nyuma ya gari kama mtu mwenye adabu. Alizungusha mdomo wa bunduki mpaka mwisho, akauinua, na kumnyunyizia mama mkwe wake maji. Yalimwangukia kichwani na kifuani, yakashuka, yakalowanisha gauni lote, yakafunika saruji yote, mpaka pakawa hakuna pakavu wala alama.

Kelele ya Nasambu ilishinda mashine.

"Baba Mitchel! Wewe! Umerogwa?"

Erastus akaizima. Alikuwa amesimama tumbo wazi mbele ya mama mkwe, bunduki mkononi, maji yakimdondoka mama kwenye nywele.

"Imeniponyoka," akasema.

"Imekuponyoka? Nimekuona kwa macho yangu ukiinua!"

"Imeniponyoka, Mama Mitchel. Nisamehe. Niwieni radhi nyote." Akachukua shati lake kwenye kamba, akaenda kukaa nje ya geti, chini, kwenye nyasi za kando ya njia.

Mama aliingia ndani, akabadilisha nguo, akafua gauni lile yeye mwenyewe kabla mtu hajaligusa. Alasiri hiyo hiyo Nasambu alimsindikiza hadi stendi, na mama akarudi Matungu.

Habari ilifika Matungu kabla yake. Milcah alimwambia mmoja tu, na huyo mmoja akaambia kanisa zima. Huko Lubao mwenye duka mmoja alipomwona Erastus anashusha kreti aliinua mikono juu: "Usinipige maji, mimi si mama mkwe wako!" Wanawake waliokuwa wakinunua sukari wakacheka mpaka wakaegemea kaunta. Nasambu aliacha kumwandalia chai. Alimwekea chakula mezani kimya kimya, na kimya cha mwanamke anayesema sana ni adhabu kamili.

Erastus aliona aibu, ndiyo. Masikio yalimwaka kutoka asubuhi hadi jioni. Lakini niwaambie, hakuwa akikionea aibu kile walichokuwa wakikicheka. Kicheko aliweza kukibeba kama alivyobeba kreti. Kilichomchoma ni mlango wa jikoni. Aliurudia kila siku katika mawazo yake: mama amesimama nyuma yake, anakohoa, na yeye nje anaimba. Kikohozi ndicho kilikuwa daraja lao la pekee, na yeye alikwenda dukani akaichagua kelele kwa mkono wake, akailipia, akatabasamu. Alikumbuka jinsi alivyosema kwamba kelele haichubui gari, na alitamani ardhi ipasuke. Hakuweza kumwambia hata Nasambu. Kumwambia kungekuwa ni kuyarudisha yale maji yote ndani ya pipa na kumwacha mama pale kwenye saruji kavu.

Aliitwa Matungu. Alikwenda na kondoo na blanketi jipya, kama ilivyotakiwa, na kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na shule Nasambu na Mitchel wakaenda naye. Wazee walikuwa wamekaa chini ya upenu wa nyumba ya mama, Mzee Osundwa katikati. Mama mwenyewe alikuwa ndani. Erastus alipewa kiti kifupi, akakaa akitazama viatu.

"Sisi hatujawahi kuona hii," Mzee Osundwa alianza. "Watu hukosananga na mama mkwe, sawa. Mtu anaweza kumkuta njiani bila kujua. Anaweza kuteleza ulimi. Lakini kuchukua maji na kumwosha kama gari! Nilikuambia sharti ama sikukuambia?"

"Uliniambia, mzee."

"Kondoo tumepokea. Blanketi tumepokea. Lakini huko kwako harudi. Dawa atatafutiwa hapa hapa, na Mungu ni mkubwa."

Nasambu alianza kulia polepole. Wote pale walijua dawa hizo hazipo hapo karibu, na kwamba kwa wiki mbili alizokaa huko mguu ulikuwa umevimba tena. Erastus alifungua kinywa. Maneno yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno: siku ile, wazee, mimi sikumvunjia heshima. Akakifunga. Akameza.

"Nimekosa," akasema. "Kosa ni langu peke yangu."

Mzee akaendelea kuhutubia, maana mzee akipata kosa kubwa halimalizi haraka. Alikuwa katikati ya habari za babu zake mwenyewe, Erastus alipoinua kichwa ghafla. Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, mtu alikuwa amekohoa mara mbili. Kilikuwa kikohozi kidogo. Hakuna mwingine aliyekisikia.

Erastus akakohoa mara moja. Akainuka, akamwacha mzee na sentensi mdomoni, akazunguka nyuma ya ghala la mahindi na kusimama huko akiwa amegeuzia uso migombani.

Alikaa mpaka Mitchel akaja kumwita. Aliporudi, wazee walikuwa wamekwisha kuinuka. Leso ilikuwa imetundikwa ndani ya Probox, na mkoba wa mama ulikuwa juu ya kreti za mikate.

"Shemeji amesema anaenda kumaliza dawa," Mzee Osundwa alisema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa fimbo. "Amesema siku ile kulikuwa na jua kali. Maji yalimfaa. Mimi sielewi wanawake." Akatikisa kichwa. "Nendeni."

Waliondoka. Mitchel alikaa mbele na baba yake, Nasambu nyuma na mama. Walipita mashamba ya miwa. Mashine ya manjano ilikuwa imefungwa kwenye gunia nyumbani. Erastus alikuwa amekwisha kumwahidi Milcah kwamba ataipeleka mbali, kwa dada yake Milcah, amwoshee mazulia huko. Gari lilikuwa safi. Aliliosha jana yake kwa beseni na kitambaa, akisikiliza kila mlango.

"Mitchel," sauti ikatoka nyuma ya leso. "Mwambie baba yako hivi. Mama yake alizaa."

Mitchel akageuka. "Baba, kukhu anasema mama yako alizaa." Akafikiri kidogo. "Alizaa nani?"

Kwetu hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote anayoweza kupewa mtoto wa mtu. Trekta la miwa lilikuwa mbele yao likipanda polepole, na Erastus akapunguza mwendo nyuma yake ingawa nafasi ya kupita ilikuwepo, kwa sababu macho yake hayakuwa yanaona barabara vizuri. Aibu yake ilikuwa bado iko pale pale. Kondoo hakuiondoa, na maneno yale hayakuiondoa.

"Baba, nimwambie nini?"

"Mwambie kukhu," akasema, "nimesikia."